Jiko la Kupikia Mbege ya Mahari

Watu wote niliowahi kuwasikia wakisema mbege ya gesi haina ladha ni wanaume, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kukaa mbele ya sufuria akakoroga mpaka mwisho. Nalisema hilo mapema ili msomaji ajue niko upande gani. Hasira niliyo nayo haijapoa, na sina haraka ya kuipoza.

Sisi ni watu wa Kilimanjaro tuliohamia Kibaha. Baba alikuja kufuata kazi, akajenga huku Tumbi na akafia huku. Mama amebaki na mimi, binti yake pekee, nami nashona nguo kwenye kibanda mbele ya nyumba. Kaka yangu mkubwa anaishi Dar es Salaam. Mdogo wetu wa mwisho, naye mwanamume, ndiye aliyetuletea shughuli yote hii kwa kumpenda binti wa Kisarawe. Wazazi wa binti ni watu wa kwetu, baba yake mtumishi wa serikali aliyestaafu akaamua kubaki huko huko. Kwa hiyo kulikuwa na mahari ya kupeleka. Na katika ukoo wetu mahari hutanguliwa na mbege, na mbege hiyo haitoki baa, inatoka mkononi mwa mama wa bwana harusi. Wakwe wakiinywa ndipo mazungumzo yanaanza. Wakiionja wakaiacha kwenye kata, mnarudi nyumbani mkajipange upya.

Kwa asiyeijua, mbege ni pombe ya ndizi na ulezi. Ndizi mbivu zinamenywa, zinachemshwa kutwa mpaka zigeuke nyekundu, zinapoozwa na kuachwa zichachuke, kisha zinachujwa na kuchanganywa na uji wa kimea cha ulezi. Uzito wa kazi uko kwenye kutwa ile ya kuchemsha. Moto usizimike, na mkono usiache kukoroga, maana ndizi ni nzito na hushika chini upesi. Mama ameifanya kazi hiyo tangu usichana wake, juu ya kuni, uso wake ukiwa ndani ya moshi.

Moshi huo ndio uliomla kifua. Alianza kukohoa kidogo kidogo, tukasema vumbi, tukasema baridi ya asubuhi, mpaka siku aliposhindwa kumaliza kufagia uwanja. Nikampeleka hospitali. Daktari akamsikiliza mgongoni kwa muda mrefu, halafu akamuuliza kama anavuta sigara. Mama akaona ametukanwa.

"Basi ni moshi wa jikoni," daktari akasema. "Mapafu yamechoka, mama. Kuanzia leo kuni basi." Akanigeukia mimi. "Akiendelea, kuna siku atashindwa kuvuka kizingiti cha mlango bila kupumzika."

Mama aliitikia kwa heshima zote. Tulipofika nje ya geti akaniuliza, "Sasa ndizi za mahari tutazinunua wapi?"

Nilimpigia kaka simu jioni ile, nikamweleza alivyosema daktari, neno kwa neno. Akasema, "Dah, pole yake. Kwa hiyo mbege ataanza kupika lini?" Nilishusha simu nikaitazama, kama vile kosa lilikuwa la simu.

Nikapendekeza tumtafute mama mwingine wa kwetu atupikie. Mama akakataa katakata. "Mwanangu wa mwisho aoe kwa pombe ya mkono wa mtu? Nizikeni kwanza." Nikasema basi tutapika kwa gesi. Hapo baba mdogo, mdogo wake marehemu baba, ambaye ndiye angeongoza ujumbe wetu kwa wakwe, alicheka mpaka akapaliwa. "Gesi! Mbege isiyo na moshi ni juisi, mwanangu. Wakwe watasema tumewapelekea uji." Kaka akamuunga mkono. Mama apike kwa kuni mara hii moja tu, kwa heshima ya mdogo wetu, halafu apumzike.

Mara hii moja tu! Katika ukoo wetu maneno hayo hayana mwisho. Baada ya mahari inakuja harusi, baada ya harusi ubatizo wa mtoto, baada ya ubatizo Krismasi, na kila mara ni hii moja tu. Walijua alivyosema daktari, na bado wakaketi wakajadili ladha. Wangemwambia mama wazi kwamba wanataka kunywa mapafu yake, ningewaheshimu kidogo kwa ukweli wao.

Nikaenda Maili Moja kutafuta jiko. Mwenye duka, kijana mchangamfu, akaniuliza napika nini. Nikasema mbege. Akawaita wenzake waje wasikie. "Oya, sista anataka kupika pombe na gesi!" Walipomaliza kucheka akanionyesha jiko la mezani lenye uso wa kioo, limechorwa maua. Nikamwambia sufuria yangu mtoto anaweza kuogea ndani. Akakuna kichwa, akaingia stoo, akatoka na jiko la chuma lenye miguu mirefu na tundu moja kubwa katikati.

"Hili sasa ni la kibabe," akasema. "Ukiliwasha linanguruma. Shemeji yuko wapi nimwelekeze?"

"Nielekeze mimi."

"Sawa sawa," akasema, kisha akamgeukia kijana wa bodaboda aliyekuwa amekuja kunibebea mzigo, akamweleza yeye kila kitu, namna ya kufunga mpira, namna ya kufungua gesi, namna ya kuwasha, huku mimi mnunuzi nimesimama katikati yao. Yule wa bodaboda alikuwa anaitikia kwa kichwa, mtu ambaye hajui hata mlango wa jiko letu ulipo. Nilipaswa kuondoka palepale. Lakini siku za mahari zilikuwa zinakaribia, nikalipa.

Jiko lilinguruma kweli, hilo sikatai. Tatizo ni kwamba kunguruma ndiyo kazi pekee lililoijua. Miguu ilikuwa mirefu kiasi kwamba sufuria ilifika kifuani kwa mama, na mama hupika ameketi kwenye kigoda. Akalazimika kukoroga amesimama, viwiko juu, sufuria ikitikisika kila mwiko ulipogusa ukingo. Moto nao ulitoka kama mkuki, wote katikati. Kando ya sufuria ndizi zilikaa baridi kama tulivyozimimina.

Mama akautazama moto, akauona dhaifu. Akafanya jambo ambalo kila aliyelelewa na kuni angefanya: akainama akaupuliza. Haukuongezeka. Akachukua ungo akaupepea, tena kwa nguvu, kama anavyopepea kuni mbichi za masika. Moto ukazimika, gesi ikaendelea kutoka ikifoka. Nilipiga kelele, nikafunga mtungi, nikamvuta mama mkono mpaka uwanjani. Tulisimama pale nje tukisubiri harufu iishe, ungo bado uko mkononi mwake.

"Moto usiotaka kupulizwa," akasema, "huo ni moto gani?"

Tukawasha tena. Kabla ndizi za kando hazijalainika, za katikati zilikuwa zimeungua. Mbege haisamehe harufu ya kuungua. Ikiingia, hata uiache ichachuke vipi, inabaki. Tukamwaga sufuria nzima kwenye shimo la taka, na lile fukuto la ndizi zilizoungua likamshika mama kifua, akakohoa ameshika ukuta. Alipopata pumzi akasema kwa upole, bila kunilaumu hata kidogo, "Niletee kuni, mwanangu."

Ule upole ndio ulionikata. Angenifokea ningejua la kujibu. Nikamwambia kuni haziingii humu ndani nikiwa hai. Akanitazama kama ananiona kwa mara ya kwanza, akaenda kulala mchana, jambo ambalo hafanyi.

Jiko nililirudisha dukani. Yule kijana mchangamfu sasa hakuwa mchangamfu. "Sista, ukishaliwasha limeshakuwa lako." Nikamwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Wenzake walewale waliocheka mara ya kwanza, safari hii walikuwa na kazi nyingi za kupanga bidhaa.

Wiki hiyo hiyo nilikuwa na aproni za kupeleka Kisarawe. Nina mteja huko, mama wa makamo, mpishi wa shughuli. Ndiye huitwa kupika pilau harusini na hitimani, mpaka watu wa vijiji vya Mzenga wanamfuata. Nilimkuta uani kwa mwenye harusi, na sufuria yake ilikuwa kubwa kuliko ya kwetu. Chini yake palikuwa na jiko la gesi lililolala karibu na ardhi, miguu mifupi minene. Moto wake ulikuwa wa duara mbili, moja ndani na moja nje, kila moja na bomba lake na koki yake. Vimoto vidogo vya buluu vilitambaa chini ya sufuria yote. Akafunga duara ya nje, akaacha ya ndani peke yake, pilau ikatulia. Mimi nilikuwa nimesahau kumpa aproni.

"Shikamoo mama," nikakumbuka.

"Marahaba mwanangu. Mbona umeganda?"

"Hilo jiko, mama. Naweza kuliazima?"

"La kupikia nini?"

Nilifikiria kusema ubwabwa. Lakini nilikuwa nimechoka na watu wanaozunguka maneno, sikutaka niwe mmoja wao. "Pombe, mama. Mbege ya mahari ya mdogo wangu."

Akajifuta mikono. "La kwangu silitoi, mwanangu. Hili linapikia watu maulidi. Usinilaumu."

"Sikulaumu hata kidogo."

"Lakini kutazama si dhambi. Vuta kiti."

Nikamweleza habari za mama, moshi, daktari, kaka na baba mdogo. Alisikiliza bila kuacha kukagua sufuria zake. Nilipomaliza akasema, "Dada yangu alipikia kuni maisha yake yote. Sufuria hizi unazoziona ni zake, nimezirithi."

Katika watu wote niliowaendea kwa jambo hili, yule asiyegusa pombe ndiye pekee aliyeniuliza mama anapumuaje akilala. Ndugu zangu wa damu, wanywaji, hawakuwahi kuuliza hivyo. Nilishukuru, na papo hapo nikazidi kukasirika.

Mchana, shughuli ilipopungua, akanipeleka mwenyewe kwenye duka alikonunua lake. Njiani akanionya nisilizibe jiko kwa mabati pande zote kama watu wanavyoziba kuni. "Gesi nayo inataka hewa. Ukiibana inatoa masizi, umerudi kulekule." Dukani niliomba jiko la duara mbili, nikaliweka sakafuni, nikalikalia. Mwenye duka akasema sista, litapinda. Nikamwambia likipindwa na mimi, basi mbege italivunja, na ni bora livunjike hapa. Halikupinda. Nikamwomba aliwashe, akaliwasha, akanieleza mimi, akinitazama mimi. Sijui kwa nini jambo dogo kama hilo lilinipa moyo.

Siku ya kupika tuliliweka uani, mtungi ukakaa mbali kadiri mpira ulivyoruhusu. Mama akaketi kwenye kigoda chake, mwiko wake mrefu mkononi, sufuria ikiwa pale mkono wake ulipoizoea. Nikawasha. Mara moja akageuza uso pembeni, akafumba macho, akabana mdomo, akaanza kukoroga.

Nilidhani anaumwa. Halafu nikaelewa. Ndivyo alivyopika siku zote, na mimi nimekua nikimwona hivyo nikadhani ndivyo mbege inavyokorogwa.

"Mama," nikasema, "fumbua macho. Hakuna moshi."

Akafumbua jicho moja kwanza. Kisha akageuza uso taratibu, akatazama ndani ya sufuria, akaendelea kutazama. Nilirudi kibandani kumalizia nguo ya mteja, na baada ya muda mrefu nikasikia ananiita kwa sauti kubwa, nikadhani kumetokea ajali. Nikakimbia.

"Njoo uone," akasema. "Zinageuka."

Ndizi zilikuwa zimeanza kuwa nyekundu. Wekundu ulikuwa umeanzia ukingoni ukienda katikati, na mama alikuwa anaufuata kwa mwiko. "Kumbe huanzia pembeni," akasema. Siku zote alijua ndizi zimeiva kwa harufu na kwa uzito wa mwiko. Wekundu wenyewe aliukuta baadaye, zimeshapoa, moto umeshazimwa. Alikuwa amepika mbege ya harusi za watu wasiohesabika, na ile pombe inayosifiwa hajawahi kuiona ikiiva. Yeye alifurahi kama mtu aliyepewa zawadi. Mimi nilienda nyuma ya nyumba nikalia kwa hasira, maana sikujua nimkasirikie nani wa kwanza, na mimi mwenyewe niliinywa miaka yote.

Kutwa ile mama aliongea. Alinisimulia baba alivyokuja kumposa, shangazi zake walivyomficha chumbani, mambo ambayo sijawahi kuyasikia. Mtu aliyebana mdomo kwa sababu ya moshi hawezi kusimulia.

Siku ya mahari tulipanda Kisarawe. Nyumba ya wakwe iko mlimani na gari halikuweza kufika mlangoni, hivyo mama alipanda kwa miguu, mimi nimemshika mkono, tukisimama kupumzika, tukipanda, tukisimama tena. Wanaume walikuwa wametangulia na mbege. Tulipoingia walikuwa wameshaketi, baba mdogo amesimama na kata mkononi, anatoa hotuba.

"Wakwe zetu," akasema, "mtuwie radhi kidogo. Mbege hii imepikwa kwa gesi. Mama wa bwana harusi siku hizi amepatwa na uvivu wa uzee, mnajua tena akina mama."

Watu wakacheka kidogo, kwa adabu. Kaka naye akacheka.

Mwanamke hasemi kwenye kikao kile mpaka aulizwe. Najua hivyo tangu utoto. "Baba mdogo," nikasema nikiwa bado nimesimama mlangoni, "moshi unaoutafuta haujapotea. Uko kifuani kwa mama. Nyamazeni mumsikilize anavyopumua, mtaupata wote."

Wakanyamaza, si kwa sababu niliwaambia bali kwa mshtuko. Na katika ukimya ule mama, aliyekuwa ndiyo kwanza ameketi baada ya kupanda mlima, akasikika. Kifua chake kilikuwa kinapiga filimbi, pumzi ikienda, ikikwama, ikirudi. Sebule nzima iliisikia. Alijaribu kuizuia kwa kitambaa, haikuzuilika. Kaka alitazama viatu vyake.

Baba wa binti akanyoosha mkono, akaipokea kata kutoka kwa baba mdogo, akanywa. Hakuonja, alinywa mpaka chini, akairudisha ijazwe tena. "Tuendelee na mazungumzo," akasema. Basi yakaendelea, na mdogo wangu leo ana mke.

Nilitegemea mtu aniambie pole wakati wa kuondoka. Kaka aliniambia nimeiaibisha familia. Kisha akamgeukia mama, akalegeza sauti. "Mbege ilikuwa nzuri, mama, kusema ukweli. Ila Krismasi tutie kuni kidogo tu, hata mwishoni, tupate ile ladha yetu."

Siku zote mama humjibu kaka kwa maneno mawili: sawa, baba. Nikasubiri niyasikie, nimeshakunja uso.

"Sawa, baba," akasema. Akavuta pumzi. "Uje na kuni zako. Kigoda nitakupa, na mwiko nitakupa. Mimi nitakaa upande ambao moshi hauji, nikuangalie unavyokoroga."

Kaka akacheka, akidhani ni utani. Mama hakucheka.

Krismasi ilipofika, kaka alikuja na kreti za bia za dukani. Alizipanga mezani, akafungua, akagawa, akajimiminia yake akashusha nusu glasi kwa mkupuo mmoja. Mama akaonja ya kwake, akaiweka chini.

"Hii nayo haina moshi, baba," akamwambia. "Lakini naona inashuka."